Mama Mkwe na Chai ya Nywele za Mahindi

Chai ya maziwa niliiacha kwa hasira, si kwa busara. Tumbo lilikuwa limenisumbua miezi na miezi, linawaka kutoka kitovuni hadi kooni, na kila nilipokwenda kwa daktari hapa Kitale aliniambia jambo lile lile: punguza chai. Nami nilimwitikia kwa adabu, nikarudi nyumbani, nikateleka birika nyingine. Mtu aliyezaliwa Kimilili ukimwambia aache chai, ni kama umemwambia aache kusalimiana na watu. Basi asubuhi moja nilikuwa kwenye cherehani nikishona kola ya shati la shule, kiungulia kikanipanda kwa nguvu hata sindano ikanidunga kidole. Niliinuka, nikachukua birika, nikaimwaga yote mtaroni. Mke wangu alikuwa mlangoni, tayari kwenda kazini.

"Hiyo chai imekukosea nini?" akaniuliza.

"Iulize yenyewe."

Sikuirudia tena. Lakini fundi wa nguo hawezi kukaa kitako kutwa nzima bila kitu cha moto karibu, kwa hiyo nikaanza kuangalia nina nini uani. Kulikuwa na mchaichai uliojiotea kando ya bomba. Jirani alikuwa na mnanaa uliomshinda, unatambaa mpaka kwenye njia yake. Rozimeri ilikuwa kwenye ua wa kanisa, na mwangalizi wa pale hakujali nikikata tawi moja. Mwanzo nilivichemsha vyote pamoja kama watu wanavyochemsha mwarobaini, sufuria inatokota hadi nyumba nzima inanuka duka la dawa, na kilichotoka humo kilikuwa kichungu kupindukia. Nilikinywa kwa ukaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Majani mabichi hayataki kupigwa vita. Unachemsha maji, unayaepua, unayaacha yatulie kidogo, unayamwagia majani ndani ya jagi, unafunika kwa sahani na kwenda zako. Ukiwa mtu wa kufunua kila dakika uchungulie, harufu yote inatoka, unabaki na maji ya kijani yasiyo na habari. Mimi hufunika jioni na kuchuja asubuhi, kwa kipande cha pamba nyeupe, maana vipande vya vitambaa kwangu havikosekani. Tumbo likaanza kutulia polepole. Sisemi ni majani yaliyoniponya. Pengine ni ile chai tu niliyoiacha. Lakini nilikuwa nimepata kinywaji changu, na mimi nikipata changu huwa sikiachi.

Halafu nikafikia nywele za mahindi. Hapa Kitale mahindi ndiyo kila kitu, na msimu wa mahindi mabichi ukifika, akina mama wanaochoma mahindi kando ya barabara hutupa zile nywele zake mafungu mafungu. Nyanyangu alikuwa akizitia kwenye maji ya moto na kutunywesha tukiwa watoto, tukilalamika mkojo unachoma. Nikamwendea mama mmoja wa mahindi nikamwomba. Alinitazama juu mpaka chini.

"Za kujaza mto?" akasema.

"Za kunywa."

"Aya, beba zote. Lakini ukiumwa usiseme ulitoa kwangu."

Nazianika kivulini juu ya gunia safi, zikikauka zinakuwa rangi ya kahawia kama nywele za doli. Chai yake ni laini, ina utamu wa mbali, kama maji uliyochemshia mahindi. Ina tabia moja tu ambayo mtu anafaa aijue kabla hajanywa: inakupeleka chooni. Ukinywa kikombe, jua utainuka. Ukinywa jagi, jua kazi yako ya siku hiyo ni kutembea.

Majirani waliniita mganga, mke wangu akaniita mbuzi kwa vile nakula majani, na maisha yakaendelea hivyo, tukitaniana, hadi mama yake alipougua.

Mama mkwe wangu anakaa Matulo, kule karibu na Webuye. Ni mjane, ana ng'ombe wake, ana shamba lake la mahindi na maharagwe, na mtu wa kumwambia afanye nini hajazaliwa. Alishikwa na homa na maumivu ya mgongo, mkojo ukawa unamchoma, akapelekwa Bungoma hospitalini, akatibiwa, akapona. Haukupita muda, ikarudi. Wakamtibu tena. Ikarudi tena. Mara ya mwisho daktari alimwita mke wangu kando akamwambia waziwazi kwamba dawa zinafanya kazi yake lakini huyu mama hanywi maji, na figo zake zimechoka. Akasema maambukizi haya yakiendelea kumrudia hivi, figo zitaharibika, na hapo mazungumzo yatakuwa ni ya mashine ya kusafisha damu.

Mke wangu alirudi Kitale na maneno hayo yamemkaa usoni. Yeye si mtu wa kulia ovyo. Aliketi kwenye kiti cha wateja wangu, mkoba bado mapajani, akasema, "Mama anakuja kukaa hapa. Nitahakikisha anakunywa."

"Akae wapi?"

"Hapa."

"Hapa hapa?"

"Kuna hapa ingine?"

Wasiotoka kwetu wataona ni jambo dogo, kwa hiyo nieleze. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawaketi wakitazamana, hawali chakula meza moja. Wakikutana njiani mmoja anapata ghafla sababu ya kuangalia mahindi ya watu. Si uadui, la. Ni heshima, na heshima hiyo ni nzito. Mama mkwe kulala nyumbani kwa mume wa binti yake ni jambo ambalo wazee wa zamani wangeliitishia kikao. Siku hizi watu wa kanisa wamelegeza, wengine hata wanakumbatiana kwenye harusi, lakini mama mkwe wangu hakuwa amelegeza kitu. Alikubali kuja kwa sababu ya ugonjwa, na kwa sababu binti yake alimwambia kwamba asipokuja, yeye ataacha kazi ahamie Matulo.

Alifika na kikapu, kuku mmoja na Biblia. Tulimpa chumba cha pembeni, ambacho mlango wake unafungukia barazani. Kuku akaachiliwa uani. Mimi nilisimama upande wa pili wa ploti nikiangalia ukuta mpaka alipoingia ndani.

Mke wangu alikuwa akifanya kazi kwenye duka la nafaka mjini, akitoka asubuhi na kurudi jua likizama. Kwa hiyo mchana tulibaki wawili: mama chumbani na mimi barazani kwenye cherehani. Na kazi ya kumnywesha iliniangukia mimi. Daktari wa hapa Kitale alikuwa ameulizwa kama vinywaji vyangu vinafaa, akasema chochote chepesi kisicho na sukari nyingi ni sawa, muhimu anywe na anywe vya kutosha, na dawa zake asiache. Nikafurahi mno. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe kuipa baraka jagi langu.

Nikamtengenezea nywele za mahindi. Nani angefikiria kitu kingine? Mkojo unachoma, figo zimechoka, hiyo ndiyo chai yake. Asubuhi nilichuja jagi kubwa, nikaongeza kipande kidogo cha tangawizi kwa ajili ya ladha, nikaweka juu ya kigoda mlangoni pake pamoja na kikombe safi. Nikabisha. Nikarudi kwenye cherehani na kuinamisha kichwa. Nikasikia mlango ukifunguka, jagi likiingia, mlango ukifungwa. Roho yangu ikatulia. Nilishona siku hiyo nikipiga mluzi.

Jioni mke wangu alilitoa jagi. Lilikuwa limejaa, limepungua labda kwa vidole viwili.

Siku iliyofuata nikajaribu mchaichai. Limejaa. Nikaweka mnanaa na kijiko cha asali kutoka Mlima Elgon, asali ambayo mimi mwenyewe naihesabu kijiko kwa kijiko. Limejaa. Nikajaribu rozimeri, nikajaribu majani ya mpera, nikarudia nywele za mahindi nikiwa nimezianika upya. Kila jioni ni jagi lile lile linatoka chumbani zito. Mke wangu akimuuliza, mama anasema, "Nimekunywa, mwanangu. Nimekunywa sana."

Mimi nina hasira za karibu, sitaficha. Nilianza kuona hilo jagi kama tusi. Nikajiuliza, ati huyu mama anadhani nitamroga? Ama majani ya Kitale hayafiki kiwango cha Matulo? Nikishona nilikuwa nikikanyaga pedali kwa nguvu hata mkanda wa cherehani ukaruka. Na ubaya ni kwamba sikuweza kumuuliza. Tulikuwa tukizungumza, ndiyo, lakini kupitia kwa yule kuku.

"Wewe kuku," sauti ingetoka chumbani, "mwambie fundi mawingu yamekaribia, nguo za watu ziko kwa kamba."

"Kuku, sema asante," ningejibu, nikikimbilia kamba.

Kuku yule alijua siri nyingi za ile nyumba. Lakini kuna mambo hata kuku humwambii, na mojawapo ni, kwa nini hunywi chai yangu.

Basi asubuhi moja mke wangu alimgusa mama yake paji la uso akalikuta la moto. Mgongo ulikuwa umeanza tena. Tulimpeleka kliniki, wao mbele na mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Daktari akampa dawa nyingine, akaagiza arudi kupimwa baada ya kuzimaliza, na akarudia yale ya Bungoma karibu neno kwa neno. Aliongeza kwamba nafasi za kurudiarudia si nyingi.

Siku hiyo nyumbani kulikuwa kuzito. Mke wangu alinijia pale barazani, akanong'ona kwa hasira, "Labda hapendi hivi vitu vyako vya mbuzi. Mpe chai, bana. Mpe chai ya maziwa, anaipenda, angalau kitu kiingie."

"Daktari alisema—"

"Daktari alisema anywe."

Nikampikia chai ya maziwa. Kwa mikono yangu, mimi niliyeapa. Nzuri, nzito, ya kwetu kabisa. Mama yule anayejulikana Matulo nzima kwa kupenda chai alikunywa nusu kikombe akarudisha birika. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si majani, basi. Mtu anayekataa hata chai amekata tamaa, nikawaza, na nikamwona mke wangu anawaza hivyo hivyo, maana alichukua ile birika akasimama nayo tu, haiweki popote.

Wiki hiyo nilikuwa na sare za shule za kupeleka Kachibora. Sikutaka kwenda, lakini mwalimu mkuu alikuwa amepiga simu mara nyingi na maneno yake yalianza kupoteza utamu. Niliacha jagi la nywele za mahindi mlangoni, nikamwambia kuku nitachelewa, nikaondoka asubuhi. Niliporudi alasiri nilikuta jagi nje, juu ya kigoda. Tupu. Si hivyo tu. Nywele nilizokuwa nimezichuja na kuziacha jikoni kwenye bakuli zilikuwa zimemwagiwa maji ya moto mara ya pili, na maji hayo pia yalikuwa yamenywewa.

Nilimpigia mke wangu simu huko dukani kama mtu aliyeshinda kesi. "Amekunywa. Amemaliza yote, na akajiongezea."

"Usinidanganye," akasema.

"Njoo uone mwenyewe."

Nikawa mtu wa kujua. Nilimweleza mke wangu jioni hiyo kwamba siri ni tangawizi, nimeipata ile kadiri, nimeweka kidogo zaidi. Kesho yake nikatengeneza vilevile, maji yale yale, kipande cha tangawizi kile kile. Nikaweka, nikabisha, nikaketi kushona na kungojea. Jioni jagi likatoka limejaa.

Sijui kama umewahi kutaka kupigana na jagi. Niliingia jikoni nikaketi juu ya debe. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Halafu siku ya soko nikaenda mjini kutafuta zipu na nyuzi, nikapotea huko muda mrefu kwa sababu ya hasira tu, nikizunguka maduka ambayo sikuwa na haja nayo. Nikarudi nikakuta jagi nje. Tupu, limeoshwa, limefudikizwa.

Nilisimama pale uani na mfuko wa zipu mkononi. Nikiwepo, hanywi. Nikiondoka, anakunywa. Tatizo si majani wala tangawizi. Tatizo ni mimi.

Nikaketi kwenye kiti changu cha cherehani niangalie hilo tatizo lilivyo. Nikatazama mbele yangu. Na mbele yangu, mita chache tu, mlango ukinitazama uso kwa uso, kilikuwa choo.

Ploti yetu iko hivyo: nyumba upande mmoja, choo pembeni ng'ambo ya ua, na njia ya kutoka chumbani kwa mama kwenda huko inapita mbele ya cherehani yangu, karibu hata naweza kumpa mtu uzi akipita. Mimi hushona hapo tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Na yeye alikuwa ndani ya kile chumba, mama mkwe wangu, asiyeweza hata kunipa mkono, akitakiwa atoke mbele ya macho yangu mchana kweupe aende chooni, na arudi, halafu aende tena. Na mimi, mwerevu wa mitishamba, nilikuwa nikimletea jagi zima la kinywaji ambacho kazi yake kuu ni kumpeleka mtu chooni.

Nikakumbuka siku tulipokwenda kwao Matulo kupeleka mahari. Tulifika mapema, tukakaribishwa soda na chai na soda tena, mazungumzo ya wazee yakaenda na kurudi, na mimi kijana nimebanwa hadi machozi yananilengalenga. Choo kilikuwa nyuma ya jikoni, na jikoni ndimo alimokuwa yeye na wanawake wenzake. Ningekufa kabla ya kupita pale. Nilishika mpaka tulipoaga, tukafika barabarani, nikaingia kwenye miwa ya mtu. Wenzangu walinicheka hadi Bungoma. Sasa yeye alikuwa akiyafanya yale yale, na si siku moja. Kila siku, na mgongo unamuuma.

Nilimwambia mke wangu alipofika tu, kabla hajavua viatu. Alinisikiliza, akageuka kuangalia cherehani, akaangalia choo, akaangalia mlango wa mama yake. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashikilia ukuta, na katikati ya kicheko akawa analia, na mimi nikamshika bega nikiwa sijui nimshike kwa kicheko au kwa kilio.

"Ndio maana," alisema. "Ndio maana nikirudi tu ananiambia tutoke nje kidogo tupunge hewa. Kumbe ananingoja nimsindikize. Kutwa nzima."

"Si ungemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mama, unaogopa kukojoa kwa bwanangu? Wewe ungemuuliza?"

Hatukumwambia kitu. Hilo tulikubaliana bila kubishana, jambo ambalo kwetu ni nadra. Kesho yake asubuhi nilimwambia kuku, kwa sauti ya kusikika, kwamba pale barazani jua linanipiga macho na ninahamia nyuma. Nikabeba cherehani, jirani akanisaidia na meza ya kukatia, nikajenga kibanda cha turubai nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Huko naona barabara na mahindi ya jirani, basi. Wateja walilalamika kwamba hawanioni. Niliwaambia wafuate sauti.

Na ile sauti ndiyo ikawa mpango mzima, ingawa sikuipanga. Cherehani yangu ni ya miguu, ya zamani, ukiikanyaga inapiga kelele mpaka kwa majirani. Siku ya kwanza nikiwa nyuma nilikata uzi, nikasimamisha mashine, na hapo hapo nikasikia mlango wa mama, uliokuwa umeanza kufunguka, ukifungwa tena. Nikaelewa. Mashine ikilia, anajua nimeketi nyuma, miguu iko kazini. Ikinyamaza, hajui niko wapi. Pengine nimeinuka, pengine ninazunguka nyumba kuja mbele. Nikavuta kitambaa chakavu, nikakiweka chini ya sindano, nikakanyaga. Mlango ukafunguka tena. Nikasikia kandambili zikivuka ua. Mlango wa choo. Nikaendelea kukanyaga. Baadaye kandambili zikarudi, mlango wa chumba ukafungwa, na mimi nikapumzisha miguu.

Tangu siku hiyo nilikuwa na fungu la matambara chini ya meza. Nikiwa nakata, napima au nazungumza na mteja, nikisikia tu bawaba ya ule mlango naacha kila kitu na kuanza kushona tambara. Mteja mmoja aliniuliza hiyo ni nguo ya nani. Nikamwambia ni oda maalumu. Mengine niliyashona bila uzi, sindano inatoboa tu. Miguu ilichoka kuliko msimu wa sare, maana nywele za mahindi hazina mchezo, na mama alikuwa sasa anakunywa.

Alikuwa anakunywa, ndugu msomaji. Asubuhi jagi, mchana jagi, na saa kumi alikuwa akijitengenezea mwenyewe mchaichai jikoni. Kupitia kwa kuku alinijulisha kwamba tangawizi nilikuwa naweka nyingi, na kwamba mnanaa ukae peke yake, usichanganywe na rozimeri, vinagombana. Nilijaribu. Alisema kweli. Rangi ikamrudi usoni, mke wangu aliniambia, kwa sababu mimi huo uso sikuutazama. Jioni walikuwa wakikaa barazani, mahali cherehani ilipokuwa, wanachambua mboga na kusengenya watu wa Matulo, na mimi huko nyuma nawasikia wakicheka.

Siku ya kurudi kliniki niliwafuata tena nyuma kwa umbali wangu. Nilisubiri nje ya geti, chini ya mti, nikinyofoa majani na kuyachana vipande. Mke wangu alitoka peke yake mbele. Nilimtazama anavyotembea nikajua kabla hajafungua mdomo. Mkojo ulikuwa safi, damu imepimwa, figo zinafanya kazi. Daktari alisema akiendelea kunywa hivi, ile mashine isizungumzwe tena. Mke wangu alinieleza haya yote huku ameshika kola ya shati langu, pale barabarani mbele ya watu, halafu akakumbuka mama yake anakuja, akaniachia. Nilitamani kukaa chini. Nilikaa, kwenye jiwe, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu mpaka walipopita. Kiatu chenyewe kilikuwa cha kutumbukiza.

Alibaki nasi siku chache tu baada ya hapo, kwa kuwa maharagwe yalikuwa yanamngoja Matulo na mwanamke wa jirani aliyeachiwa ng'ombe alikuwa amechoka. Nilimfungia mfuko mkubwa wa nywele za mahindi, zilizokauka vizuri, na mizizi ya mchaichai ya kupanda.

Siku moja kabla hajaondoka, mke wangu alikuwa kazini. Nilikuwa nyuma nikimpima mtu suruali. Mteja akaenda. Nikasikia bawaba, nikatupa futi ya kupimia, nikashika tambara, nikaanza kukanyaga. Kandambili, mlango wa choo. Nikakanyaga. Siku hiyo muda ukaenda, sikusikia kandambili zikirudi, na mimi sikuthubutu kuacha. Nikamaliza tambara moja nikachukua la pili. Mashavu ya miguu yanawaka moto, jasho linaingia machoni, mkanda wa mashine unanuka kuungua. Nikaanza kuwa na wasiwasi, labda ameanguka huko. Nikawa najiuliza nani nimwite.

Dirisha la kile chumba liko upande wa nyuma, karibu na pale nilipokuwa nimeketi. Sikuwa nimewahi kuliona likifunguliwa. Likafunguka kidogo, upana wa kiganja. Kuku alikuwa mbele ya nyumba. Namsikia kule anaparura. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

"Baba," mama mkwe wangu akasema, akiniita mimi. "Acha kushona hayo matambara, miguu itakuuma. Pumzika. Nilisharudi kitambo, nilitembea bila viatu."

Nikaondoa miguu kwenye pedali. Mashine ikazunguka kidogo yenyewe, ikasimama.

"Asante, mama," nikasema, nikiwa nimetazama mahindi ya jirani.

Dirisha halikufungwa. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya meza humo ndani, na chai ikimiminwa.